Umekata tamaa na bado unataka mambo yabadilike: mwongozo kamili wa kuanzia hapo ulipo

Wengi tuliovunjika moyo husubiri moyo urudi ndipo turudi kazini. Mimi nilisubiri hivyo karibu miaka miwili. Nilikuwa nimejitoa kwenye kikundi kimoja cha kijamii baada ya kazi yetu ya muda mrefu kutupwa kapuni, nikajiambia nitarudi nikipata nguvu. Nguvu hazikuja. Zilianza kunirudia wiki ya tatu baada ya jirani kuniomba nimsaidie kuhesabu magari kwenye barabara wanayovuka wanafunzi, kazi ndogo niliyoikubali kwa sababu tu niliona haya kumkatalia.

Barabara hiyo nitaitaja tena hapa chini, maana ndiyo iliyonifundisha mpangilio wa hatua hizi. Zinafaa kwa jambo lolote linalohitaji watu wengi na muda mrefu: maji, elimu, mishahara, mazingira, rushwa. Zisome zote kwanza, kisha uanze na ya kwanza. Ile ya tatu usiiruke hata kama una haraka.

Kabla ya kuanza: elewa kwa nini umelegea

Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha jaribio lililokuja kujulikana dunia nzima. Mbwa waliopigwa shoti za umeme bila njia yoyote ya kuzizuia walipowekwa baadaye mahali ambapo wangeweza kuruka na kujiokoa, wengi wao walilala tu wakavumilia. Watafiti wakasema wanyama wale wamejifunza unyonge. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, wawili haohao waliandika kwamba walikuwa wameielewa hali ile kinyume. Uchunguzi wa ubongo ulionyesha kuwa kulegea ndiyo hali ya asili ya kiumbe anayepigwa na shida ya muda mrefu, wala haihitaji kufundishwa. Kinachofunzwa ni kule kutambua kwamba “nikifanya hivi, kitu hubadilika.”

Nilipolisoma hili nilipumua. Kama umekaa miezi ukitazama mambo yakiharibika na mikono haiinuki, hujawa mwoga wala hujawasaliti wenzako. Ila utambuzi ule hauji kwa hotuba ya kutia moyo. Unakuja kwa kuona kwa macho yako kitu kikisogea kwa sababu wewe na wenzako mmekisukuma. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina lengo moja: kukupa kitu unachoweza kukisukuma na njia ya kukiona kikisogea.

Hatua ya kwanza: jua kinachokusumbua hasa

Tunasema “nimekata tamaa” kwa mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kuna huzuni. Umepoteza mtu, au kitu ulichokipenda kimeharibiwa na hakitarudi. Huzuni inataka kuliliwa na kusindikizwa. Ukiifunika kwa vikao na mabango itakufuata huko huko vikaoni.

Kuna uchovu. Bado unaamini, lakini umebeba mzigo wa watu watano peke yako. Jipime hivi: mtu mwingine akiichukua kazi yako mwezi mzima, utajisikia nafuu au utajisikia vilevile? Ukihisi nafuu, umechoka. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya nane, kisha urudi.

Na kuna kukata tamaa kwenyewe, pale unapoamini kwamba hakuna litakalosaidia hata ungekuwa na nguvu zote. Hatua nyingi za mwongozo huu ni za hali hiyo.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Ikiwa giza limeingia hadi kwenye maisha yako mwenyewe, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili sasa, na umwambie mtu mmoja wa karibu leo hii. Harakati itakusubiri.

Hatua ya pili: zipe habari saa zake

Chagua nusu saa moja kwa siku ya kusoma au kusikiliza habari, isiwe ile ya kwanza baada ya kuamka wala ya mwisho kabla ya kulala. Zima arifa za simu. Kila ukimaliza, jiulize: kati ya haya niliyosoma, lipo ninaloweza kulifanyia kitu wiki hii? Likiwapo, liandike. Lisipokuwapo, funga. Kujua kila ubaya unaotokea duniani hakumpunguzii mateso aliyeteseka, na kunakula nguvu ambazo zingemfaa aliye jirani nawe.

Hatua ya tatu: likate tatizo mpaka lishikike

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tunatangaza vita na umaskini, na ufisadi, na mfumo dume, kisha tunashangaa kwamba miezi sita imepita na hakuna kilichosogea. Mambo hayo ni ya kweli na ni makubwa, ila hayana mpini. Huwezi kumwandikia umaskini barua.

Chukua karatasi na uijaze sentensi hii: “Tunataka (nani) afanye (nini) kabla ya (lini).” Kama nafasi ya kwanza umeandika “serikali” au “jamii”, hujamaliza kukata. Serikali ni watu wengi na madawati mengi, na kwenye dawati moja tu kuna mtu mwenye kalamu ya jambo lako. Sisi tulianza na “usalama wa watoto barabarani”. Baada ya vikao viwili tulifika hapa: tunataka mhandisi wa barabara aweke matuta matatu mbele ya lango la shule kabla ya muhula ujao kufunguliwa. Siku tuliyoipata sentensi hiyo, mama mmoja aliyekuwa hajawahi kusema neno kikaoni aliuliza, “Sasa ofisi ya huyo mhandisi iko wapi?” Swali la namna hiyo hulisikii mpaka tatizo liwe limekatwa vizuri.

Usiogope kwamba ukidai kidogo utakuwa umeusaliti ule mpango mkubwa. Watu Weusi wa Montgomery, Alabama, kusini mwa Marekani, walipoanza kususia mabasi ya mji tarehe 5 Desemba 1955, madai yao ya kwanza hayakuwa hata kufuta ubaguzi. Waliomba madereva wawe na adabu, abiria wakae kwa kuwahi, Weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele, na madereva Weusi waajiriwe katika njia zenye abiria wengi Weusi. Wakubwa wa mji na kampuni ya mabasi wakakataa. Kukataliwa kwa jambo dogo na la haki namna ile kulimwonyesha kila mtu sura ya mfumo wenyewe, na mgomo ukaendelea siku 381, hadi amri ya Mahakama Kuu ya Marekani ilipoanza kutekelezwa na ubaguzi ndani ya mabasi hayo ukaondolewa kabisa, Desemba 1956.

Ukishapata sentensi yako, ipime kwa maswali haya. Je, mtu wa kawaida atajali bila kuelezwa kwa nusu saa? Je, yupo mtu mmoja anayeweza kusema ndiyo? Je, tukishinda, maisha ya watu yatabadilika kwa namna wanayoiona? Je, tutakuwa wengi zaidi mwishoni kuliko tulivyoanza? La mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi. Ushindi unaoletwa na mtu mmoja aliyempigia simu rafiki yake mkubwa huwaacha wengine wote wanyonge kama walivyokuwa.

Hatua ya nne: tafuta watu watatu

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini usianze kwa kuitisha mkutano wa mia. Tafuta watatu, kwa mazungumzo ya ana kwa ana, mmoja mmoja, kila mmoja dakika 40 hivi. Ujumbe wa simu uliotumwa kwa watu 200 hautakupa hata nusu ya mtu.

Mazungumzo hayo yana mwendo wake. Theluthi mbili za muda uwe unasikiliza. Uliza kinachomkera, kisha uliza kisa. Nilimuuliza baba mmoja, “Watoto wako huvukaje asubuhi?” Akasema huvuka salama tu. Nilikaribia kuondoka. Kisha nikamuuliza, “Na wewe, baba, saa hizo huwa unafanya nini?” Akanyamaza. Akasema husimama dirishani mpaka amwone binti yake amefika ng’ambo, na kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Baba yule hakukosa kikao hata kimoja tangu siku hiyo.

Kabla hamjaachana, mwombe jambo moja mahususi lenye tarehe. “Utusaidie” ni ombi lisilo na mlango wala dirisha. Mwambie: “Jumanne asubuhi, saa moja hadi saa mbili, usimame nami tuhesabu magari.” Akikataa, shukuru na uulize nani mwingine huwa analalamikia jambo hili. Akikubali, mkumbushe siku moja kabla. Watakaokubali na wasitokee watakuwapo. Wasamehe mara mbili, ya tatu uwape kazi ya kufanyia nyumbani.

Kuna sababu nyingine ya kutafuta watu kwanza. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza kampeni kubwa 323 za kuangusha tawala au kujikomboa zilizofanyika kati ya mwaka 1900 na 2006. Za amani zilifanikiwa kwa takriban asilimia 53, za silaha asilimia 26. Sababu moja kubwa wanayoieleza ni idadi na aina ya watu: bibi kizee, mwanafunzi, mlemavu, karani, wote wanaweza kuingia katika mapambano ya amani. Ukijenga kazi ambayo ni vijana wenye nguvu na muda tu wanaoiweza, umeukata mguu wako mwenyewe.

Hatua ya tano: mjue mwenye kalamu na wanaomnong’oneza

Andika jina la mwenye uamuzi katikati ya karatasi. Pembeni yake andika wote anaowasikiliza: bosi wake, wanaompa fedha, wataalamu wake, waandishi wa habari anaowaogopa, kiongozi wake wa dini. Mbele ya kila jina weka alama: yuko nasi, anapinga, au hajaamua. Msitumie nguvu zenu kubishana na anayepinga. Nendeni kwa wasioamua.

Mara nyingine mlango hauko pale unapodhani. Mwaka 1989 Wangari Maathai aligundua kwamba jengo la ghorofa 60 limepangwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Aliandikia ofisi moja baada ya nyingine. Wakubwa wa nchi walimdhihaki hadharani, na shirika lake likafukuzwa ofisini. Lakini jengo lile lilitegemea fedha za kutoka nje, kwa hiyo alimwandikia pia balozi wa Uingereza, maana mmoja wa washirika wa mradi alikuwa tajiri wa huko. Kelele zilipofika kwa wenye fedha, wawekezaji walirudi nyuma, na mradi ukafa. Bustani ikabaki.

Jambo la kiofisi ambalo litakuokoa: kila barua ipeleke ikiwa na nakala mbili. Moja iache masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Ukipiga simu, andika jina la uliyeongea naye na alichosema. Ofisi ikikuambia “barua yenu hatujaiona”, muhuri ule huongea kwa sauti kuliko hasira yako. Sisi ilitutokea mara mbili.

Hatua ya sita: panga vitendo vinavyokua

Cha kwanza kiwe kidogo kiasi kwamba kushindwa ni vigumu. Sisi tulihesabu magari asubuhi tatu, mistari mitanomitano kwenye daftari la shule, pamoja na idadi ya watoto waliolazimika kukimbia. Ilikuwa kazi ya watu wanne. Kwa daftari hilo tulikwenda kwa mwalimu mkuu, naye akatuandikia barua. Kwa daftari na barua tukakusanya saini za wazazi. Kila kitendo kilizaa kitu cha kubebea kinachofuata.

Hivyo ndivyo wanawake wa New Zealand walivyopata kura. Kate Sheppard na wenzake walipeleka bungeni hati ya maombi mwaka 1891 ikiwa na saini zaidi ya 9,000. Haikutosha. Mwaka uliofuata walikaribia 20,000. Haikutosha. Mwaka 1893 walifika karibu 32,000. Kurasa zilizotoka kila pembe ya nchi ziligundishwa kichwa kwa mkia zikavingirishwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio, na mbunge John Hall akaliviringisha bunda lile ukumbini mpaka mpini ukagonga ukuta wa mwisho. Muswada ulipita Baraza la Juu kwa kura 20 dhidi ya 18, ukawa sheria Septemba 1893, na nchi hiyo ikawa ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote haki ya kupiga kura za bunge. Fikiria kilichokuwa mioyoni mwao mwaka 1892, baada ya kukataliwa mara ya pili. Walichokuwa nacho ni orodha ya majina, na orodha hiyo ilikuwa imekua maradufu.

Kuhusu vikao, kwa ufupi: vianze kwa wakati, visizidi saa moja na nusu, na kila jambo lililokubaliwa liandikwe na jina la mtu na tarehe. Jambo lisilo na jina halitafanyika.

Hatua ya saba: tunza daftari la ushahidi

Hili ni daftari tofauti na la kumbukumbu za vikao. Kila Ijumaa andika mistari mitatu: tulichofanya, kilichosogea hata kidogo, na mtu mpya aliyejiunga. Wiki isiyo na kilichosogea, andika “hakuna”. Usijidanganye, maana siku utakapolihitaji daftari hili utahitaji kuliamini.

Utalihitaji siku ya giza. Akili iliyovunjika husahau kwa upendeleo: inakumbuka mlango uliofungwa na kusahau mitatu iliyofunguka. Mwezi wetu wa tano, mhandisi alipohamishwa na mrithi wake akasema faili haipo, tulisomeana daftari kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Tulichukua dakika 20 hivi. Hakuna aliyetoa hotuba. Mwishoni yule mama wa “ofisi iko wapi” akasema, “Basi nakala tunazo, tumpelekee.”

Mkishindwa au mkichelewa

Mtashindwa mahali fulani, kwa hiyo amueni mapema mtafanya nini siku hiyo. Sisi tulikubaliana hivi: siku ya kwanza hakuna uamuzi wowote, kukutana tu na kukaa pamoja. Ndani ya wiki moja, kikao cha kuuliza tulikadiria nini, kilitokea nini, tumejifunza nini. Kumtafuta wa kumlaumu ni marufuku katika kikao hicho. Kisha kitendo kidogo kimoja ndani ya wiki mbili, hata kama ni kupeleka barua tu, ili mwili usizoee kulegea.

Tarehe 22 Mei 1787 wanaume 12 walikutana katika karakana ya uchapaji jijini London wakaazimia kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1791 bunge liliwakatalia kwa kura 163 dhidi ya 88. Walirudi tena na tena. Mwaka 1807 bunge hilohilo liliunga mkono muswada kwa kura 283 dhidi ya 16, nao ukawa sheria. Hata hapo walikuwa wamekomesha biashara tu. Utumwa wenyewe katika makoloni mengi ya Uingereza ulingoja sheria ya 1833. Na nyuma ya wale 12 walikuwako watumwa wenyewe, walioasi katika mashamba ya Karibi na kulipa kwa damu, ambao majina ya wengi wao hatutayajua kamwe.

Hatua ya nane: pumzika kwa zamu

Mmoja wa wale 12, Thomas Clarkson, alizunguka Uingereza miaka saba akiwa juu ya farasi, akikusanya ushahidi kutoka kwa mabaharia. Mwaka 1794 mwili ukagoma. Alijiondoa, akaenda kuishi mashambani, akaoa, akalima. Mwaka 1804 alirudi kazini, na aliishi mpaka 1846, kwa hiyo aliyaona yote mawili, mwisho wa biashara na mwisho wa utumwa wa makoloni. Miaka kumi ya kukaa pembeni haikumwondolea nafasi yake.

Wengine waliendelea alipokuwa hayupo, na hilo ndilo la kupanga. Kila kazi iwe na watu wawili wanaoijua: anayeifanya na anayejifunza. Kila baada ya miezi mitatu, badilishaneni. Anayekwenda mapumzikoni atangaze tarehe ya kurudi, akabidhi daftari na namba za simu, na asipigiwe. Anayerudi apokewe bila kuulizwa maswali. Nilipojitoa kwenye kile kikundi changu cha kwanza hatukuwa na utaratibu huo, kwa hiyo kupumzika kwangu kuligeuka kutoroka, na aibu ya kutoroka ndiyo iliyonizuia kurudi.

Mkishinda

Furahini waziwazi, wote, siku hiyohiyo. Washukuruni kwa majina waliofanya kazi zisizoonekana, na mshukuruni hata aliyetia saini, maana mtamhitaji tena. Kisha wekeni watu wawili wa kulinda kilichopatikana, kwa sababu ahadi huchakaa kama rangi.

Matuta yetu yaliwekwa mwezi wa tisa wa kazi, mawili badala ya matatu. Jumanne iliyofuata, saa moja kamili asubuhi, baba yule wa dirishani alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara na daftari jipya, anahesabu watoto wanaokimbia. Nilipofika alinionyesha ukurasa. Palikuwa na mistari minne tu, yote upande wa tuta lisilokuwapo.